Ukuta Nyuma ya Sukuma

Mtu wa Umoja, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, hawezi kuona udongo umekaa bure. Akipata upana wa kiganja kati ya choo chake na ukuta wa jirani, atachomeka hapo miche ya sukuma wiki, na baada ya muda atakuita uje uchume. Wavinya hakuwa tofauti. Uani kwao kulikuwa na kidimbwi cha kuogelea, na kidimbwi hicho alikuwa amekizungushia tuta la udongo mwekundu lililopanda hadi nusu ya ukuta wake wa bati. Juu ya tuta sukuma zake zilinawiri mpaka wapita njia wakadhani anazitia dawa. Siri yake ilikuwa maji. Watoto wakirukaruka ndani, maji yaliyomwagika yalishukia mizizini, wala hakuna tone lililopotea. Wavinya alikuwa mtu wa Kitui, ambako maji hufuatwa kabla jogoo hajawika, na jambo hilo alilionea fahari kuliko kidimbwi chenyewe.

Kidimbwi kilikuwa cha mumewe, Gordon Owiti, aliyekuwa karani wa reli. Wenzake waliokuwa na nyumba za pembeni kama yeye walikuwa wamejenga vyumba vya kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa. Owiti alinunua kidimbwi kikuukuu kutoka shule ya chekechea iliyofungwa, akakisimamisha juu ya ardhi kama sufuria: ukuta wa mviringo wa bati la chuma, unaomfika mtu mzima kifuani, na ndani yake plastiki ya samawati ya kushika maji. Majirani walimcheka. Kisha watoto wao wakaanza kulilia kupelekwa "swimingi kwa kina Lorraine", nao wakaacha kucheka wakaanza kulipa.

Lakini aliyehitaji yale maji hasa alikuwa Lorraine mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa na hakuwa amewahi kusimama. Miguu yake ilikuwa imekaza tangu kuzaliwa, magoti yameng'ang'aniana, vidole vimechongoka chini. Akiwa majini, mama yake amemshika kisogo kwa kiganja kimoja tu, ile miguu ilifunguka yenyewe taratibu, ikanyooka, na mtoto akacheka kwa sauti ambayo nyumbani hawakuisikia mahali pengine. Dada wa kliniki anayenyoosha viungo alikuwa amesema wazi: maji ndiyo dawa yake. Akiyakosa, misuli itajikunja, na ikishajikunja itabaki ya kupasuliwa.

Basi plastiki ilikuwa imechanika mwezi wa sita, maji yakaenda, na miguu ya Lorraine ikaanza kurudi ilikotoka. Kumvika suruali asubuhi kukawa vita. Mtoto halii, anauma kola ya fulana yake na kutazama dari, na Wavinya huona heri angelia.

Ndipo Mchungaji Nalianya alipobisha langoni. Kanisa lake lilikuwa la hema, nyuma ya soko, na lilibatiza kwa kuzamisha. Mto wa karibu ulikuwa wa maji taka, na kuwapeleka waumini kwenye bwawa la mbali kulimshinda mwaka huo. "Nyinyi rekebisheni hiyo kitu," alisema, "sisi tutaleta maji na malori. Tukimaliza kubatiza, maji ibaki kwenu." Owiti alisikia kwamba atakuwa mtu wa kwanza kubatizwa katika kidimbwi chake mwenyewe, mbele ya Umoja nzima. Wavinya alisikia maneno ya mwisho tu. Maji yabaki.

* * *

Plastiki mpya ya kidimbwi haikupatikana mjini kwa bei ambayo mtu angeitaja akiwa amesimama. Owiti akatumia akili ya Eastlands. Mabango makubwa ya barabarani yakishashushwa huuzwa. Watu huyafanya paa, huyafunikia mahindi, hata huyajengea makanisa. Alhamisi asubuhi Maingi, fundi wa turubai kutoka Kariobangi, aliingia uani na mkokoteni, akashusha bango moja zito, wakalikunjua juu ya nyasi. Uso wa mwanasiasa mmoja aliyebwagwa uchaguzi uliopita ukawakodolea macho, kila jino upana wa sinia.

"Huyu si ndiye alituahidi maji?" Owiti akauliza.

"Sasa si ameleta," Maingi akasema, wakacheka wote wawili.

Owiti alitaka uso ulale chini, upande mweupe uje juu. Maingi akakataa. Upande wa picha ndio laini, alisema. Ule mwingine una nyuzi zitakazowakwaruza watoto. "Basi akae tu akituangalia," Owiti akasema, akaenda zake kanisani, kwenye mafundisho ya ubatizo.

Maingi akabaki akiunganisha vipande kwa ile mashine yake ya hewa moto. Matundu ya bomba ukutani aliyafunika yote, maana mipira yake ilikuwa imeoza. "Siku mkitaka kutoa maji, mtachota na ndoo," akasema. Wavinya naye aliingia ndani ya kidimbwi kitupu, plastiki ya zamani ikiwa imeshang'olewa, akaanza kusugua ukuta kwa brashi ya waya ili turubai likae juu ya kitu safi.

Upande wa lango ukuta ulikuwa mzuri. Alipofika upande wa pili, ule uliopakana na tuta la sukuma, aliona rangi imefura kwa malengelenge, mstari mmoja mrefu, kimo kile kile cha udongo wa nje. Akabonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba, vile mtu anavyobonyeza parachichi sokoni. Kidole kikazama chote. Kikagusa kitu baridi, chororo. Alipokitoa, kilitoka na uzi mweupe uliolowa, na Wavinya akauangalia muda kabla hajautambua. Ulikuwa mzizi wa sukuma.

Akabonyeza hatua moja mbele. Bati likavunjika kama biskuti. Akasogea tena, likavunjika tena.

"Maingi," akaita. "Njoo uone."

Maingi akaja, akachungulia, akapiga mluzi mdogo. "Mama, mimi niliitwa turubai."

"Lakini umeona."

"Nimeona. Udongo imekula bati. Chuma haitaki kulaliwa na udongo mbichi, tena kila siku inanyweshwa." Akamtazama, kisha akatazama sukuma zilizochomoza juu ya ukingo, akaona haya kwa niaba yake. "Ikijaa, hii ukuta inabeba uzito wa malori ya maji. Ikiwa nusu hivi, labda itakaa. Lakini ijae, na watu wapande, mimi singesimama hapo nje."

"Si umwambie Baba Lorraine."

"Mwambie wewe, mama. Mimi akinikasirikia hanilipi. Wewe akikukasirikia bado atakula chakula chako."

Wavinya alitaka kucheka akashindwa. Aliona aibu ya ajabu, aibu ya mtu aliyekamatwa na kitu ambacho hakujua ameiba. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyobeba udongo ule kwa karai, ikaushindilia, ikaumwagilia. Miaka yote akijisifu kwamba hapotezi tone. Mchana huo akatoka nje, akaufukua udongo uliogusa ukuta, akakuta bati limetoboka mstari mzima.

* * *

Alimwambia mumewe jioni hiyo hiyo, akiwa amekaa jikoni akikatakata mboga kwenye beseni, Lorraine karibu naye kwenye kiti cha plastiki, amefungwa leso kifuani asianguke. Owiti alikuwa amerudi na kanzu nyeupe aliyopewa kwa ajili ya ubatizo. Alikuwa ameitundika mlangoni na kila mara aliigeukia.

"Baba Lorraine, ukuta umeoza. Upande wa sukuma. Njoo nikuonyeshe."

"Umeoza aje?"

"Kidole kinapita."

Owiti akavuta kiti, akakaa, akavua kiatu kimoja. "Kuna turubai ndani sasa. Turubai ya barabara, inazuia upepo wa Outer Ring. Itashindwa na maji?"

"Turubai inashika maji. Ukuta ndio unashika turubai. Twende uone, ni hapo tu."

"Usinionyeshe." Alisema polepole, kama anayemwomba. "Nikiona nitakuwa nimeona, nyar Ukambani, binti wa Kitui. Halafu nimwendee Pasta nimwambie nini? Watu wameshatangaziwa. Mabati mengine nitatoa wapi? Watu wa mtaa huu wamenicheka tangu nilete hiyo kitu hapa. Jumapili ndiyo siku yao ya kunyamaza."

"Basi tujaze nusu. Maingi amesema nusu itakaa. Nusu inamtosha Lorraine."

"Na nani alipanda hiyo sukuma?"

Wavinya aliacha kukata.

"Nauliza tu," Owiti akaendelea. "Kama ukuta umeoza, ni nani ameozesha? Mimi? Nikienda kwa Pasta niseme ubatizo hakuna kwa sababu mke wangu alitaka mboga? Wewe rudisha udongo yote vizuri. Udongo unausukuma ukuta kwa ndani, maji yanausukuma kwa nje. Zitashikana."

Hesabu yake ilikuwa na sura ya ukweli, na Wavinya alikuwa amechoka, na zaidi ya yote alikuwa na hatia. Lorraine alikuwa akimtazama. "Mama," mtoto akasema, "nitaingia Jumapili?"

"Utaingia. Wakimaliza, wewe ndiye wa mwisho."

Asubuhi alirudisha udongo. Nasema bila kumficha: aliurudisha kwa mikono yake, akaushindilia juu ya yale matundu. Sehemu moja ya moyo wake ilijua. Sehemu nyingine iliona maji yamejaa hadi ukingoni na mtoto wake amelala juu yake amenyooka, ikaomba ukuta ushike.

* * *

Malori ya maji yalikuja Jumamosi, moja asubuhi, lingine mchana. Mchungaji Nalianya alisimama mwenyewe kusimamia, kwa kuwa maji yalikuwa ya sadaka na sadaka haisimamiwi na dereva. Maji yalimeza kidevu cha mwanasiasa, kisha meno, kisha macho. Yalipofika nusu, Wavinya alimsogelea.

"Pasta, hapa hayatoshi? Ukuta ni wa zamani."

Mchungaji akamtazama kwa upole wa mtu aliyezoea kubishiwa na wanawake wa waumini wake. "Mama, maji ya magoti ni ya kufulia. Kuzamishwa ni kuzamishwa. Ama Bwana Yesu alibatizwa kwenye beseni?"

"Ukuta, Pasta, upande ule..."

"Mke wangu ni Mkatoliki," Owiti akadakia, akicheka. "Msimjali. Kwao kikombe kimoja kinabatiza kijiji."

Vijana wa kanisa waliokuwa wameshika mpira wa maji wakaangua kicheko. Wavinya akacheka nao kidogo, kama mtu anavyocheka akikanyagwa na mkubwa, akarudi jikoni. Mpira uliendelea kumimina. Jioni kidimbwi kilikuwa kimejaa hadi kwenye ukingo, na Owiti alikizunguka, mikono nyuma. Upande wa sukuma hakupita.

* * *

Jumapili walikuja kwa kuimba. Waliotangulia walikuwa na kanzu nyeupe, nyuma yao akina mama na ngoma, nyuma yao kila mtoto wa mitaa ile ambaye hakuwa na la kufanya. Hata wale majirani waliojenga ghorofa walijitokeza, wakajipanga kwenye roshani zao wakitazama chini. Fowsiya, mwenye duka la jirani, alikuwa amewaletea kreti ya soda, akasimama karibu na Lorraine akimpepea. Owiti aliwasalimia wote kwa mkono, kanzu imempendeza, shingo imenyooka. Wavinya hakuwa amemwona na shingo ile tangu reli ilipomwachisha kazi, na akamwonea huruma katikati ya hofu yake.

Alikuwa akiutazama ukuta. Upande wa lango ulikuwa umesimama wima. Upande wa sukuma ulikuwa umetoka tumbo. Si sana, mtu asiyeujua asingeona. Lakini tuta lilikuwa limepasuka kwa urefu, na sukuma za mstari wa mbele zilikuwa zimeinama kwa nje kama zilizosukumwa kwa bega.

Na juu ya tuta hilo hilo walipanda watoto. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa: ukuta ni mrefu, watoto ni wafupi, tuta lipo. Walipanda wakajipanga, matumbo kwenye bati, mikono ikichezea maji.

"Shukeni hapo," Wavinya akasema. "Shukeni, nimesema."

Wakashuka. Alipogeuka wakapanda tena, na zaidi.

"Mama Lorraine, waache waone baraka," mama mmoja wa kanisa akamwambia. "Sukuma si itaota ingine?"

Wakamwona mchoyo wa mboga. Akamtafuta mumewe kwa macho. Owiti alikuwa tayari majini, maji kifuani, mikono amepishanisha. Mchungaji akamshika kisogo na mgongo, akataja majina matatu matakatifu, akamzamisha. Owiti alikuwa mtu mnene. Alipoibuka, wimbi lilikwenda hadi upande wa pili likapiga ukuta, na Wavinya, aliyekuwa amesimama karibu, akasikia mlio mdogo ndani ya udongo, kama kopo la soda likibonyezwa. Watu walikuwa wakipiga vigelegele. Hakuna mwingine aliyeusikia.

"Vijana sasa!" Mchungaji akaita. "Ingieni wote kwa pamoja, tusikawie."

Wavinya alimshika mumewe mkono alipokuwa akishuka ngazi, maji yakimchuruzika. "Baba Lorraine, inalia. Ukuta inalia. Watoe watoto hapo."

"Niache," Owiti akasema kwa sauti ya chini, tabasamu likiwa bado usoni kwa ajili ya watu. "Leo tu, niache."

Wavinya aliingia jikoni. Kisu chake kilikuwa kwenye beseni la mboga. Akakifunika kwa upindo wa leso, akatoka, akapita mbele ya Lorraine bila kumtazama, kwa sababu alijua angemtazama asingeweza. Akapanda ngazi upande wa lango, akaingia majini na nguo zake zote.

Wanawake wakapasua vigelegele. Mke wa Owiti, Mkatoliki, ameingia mwenyewe! Ngoma zikapigwa kwa nguvu mpya. Mchungaji Nalianya akamkunjulia mikono yake miwili, macho yamelowa. "Njoo, mama," akasema. "Njoo. Roho amekuleta."

Wavinya akajaza pumzi, akazama kabla hajamfikia. Chini maji yalikuwa yametulia na yale meno makubwa yalikuwa pale, yanamchekea. Akakita kisu kati ya mawili, karibu na mguu wa ukuta wa lango ambako hapakuwa na mtu, akakivuta kwa mikono yote miwili. Turubai lilikuwa gumu. Akaibuka, akavuta pumzi, watu wakashangilia wakidhani amejibatiza mwenyewe. Akazama tena, akavuta tena, hadi akasikia maji yameshika mkono wake na kuuvuta.

Ilichukua muda mtu kugundua. Kwanza waliokuwa langoni walipiga kelele viatu vyao vikilowa. Kisha mmoja wa vijana akasema maji yanashuka. Kisha Wavinya akainuka katikati yao, kisu mkononi, na vigelegele vikafa.

* * *

Maji yalitoka chini ya ukuta, yakapita langoni, yakaingia barabarani na kuchukua takataka za mtaa mzima kuelekea mtaroni. Watu walitoka mmoja mmoja na kanzu zao, wakakamua pindo. Watoto walishuka kutoka kwenye tuta kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutazama tena, wakakimbilia mto mpya wa barabarani. Watoto wote walishuka. Wavinya aliwaona wakishuka, akakaa palepale ndani ya kidimbwi, juu ya shavu la mwanasiasa.

Aliyasikia ya nje yote. "Sadaka ya watu imekwenda na maji." "Ana pepo." Na yule mama aliyetetea watoto: "Nilijua mimi. Hawa watu wa Kitui, usiwaoe kabla hujauliza." Fowsiya alimjibu kwa ukali, sauti zikachanganyika, lango likabamizwa.

Ukuta ulikuwa umesimama. Hilo ndilo lililommaliza. Ulikuwa umesimama mzima, mviringo, rangi ya samawati ikimeremeta nje kwa jua, na hata lile tumbo lilikuwa limerudi ndani baada ya uzito kuondoka. Mtu yeyote angeutazama angesema ungesimama miaka mingine kumi.

Mchungaji Nalianya alikuwa bado nje. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa. "Ndugu Gordon, mama alikuwa ananiambia habari ya ukuta. Jana, tukijaza. Huu ukuta una kitu?"

"Wacha niangalie, Pasta."

Wavinya akasikia nyayo za mumewe zikizunguka, zikisita, kisha zikikanyaga sukuma. Turubai, sasa halina maji ya kulibana, lilikuwa limeanguka kutoka ukutani upande ule, na mbele yake bati lilikuwa wazi. Akasikia udongo ukikwanguliwa, akatambaa hadi hapo. Doa la mwanga likatokea kwenye mstari wa kutu, dogo kama shilingi. Kisha doa likazibika, na kidole kikapenya. Alikijua. Kilikuwa na kucha nyeusi iliyopigwa na nyundo siku waliposimamisha kidimbwi. Kikafuatwa na cha pili. Vikapapasa hewa ya ndani, vikakunjika, vikalimega bati kidogo, vikatulia.

Sasa ameona, Wavinya alijiambia. Sasa hata kama hatasema kitu kingine maisha yake yote, hili atalisema.

Vidole vikarudi nje. Mwanga ukaonekana tena, na sauti ya Owiti ikapita katika tundu hilo hilo, karibu kabisa na uso wake.

"Ukuta ni mzima, Pasta. Ni mambo yake tu huyu mama."

Kisha tonge la udongo likasukumwa tunduni, likashindiliwa kwa kiganja, mara mbili, na upande ule ukawa giza.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita Mchungaji aje ndani aone. Lakini alijua, kwa akili baridi iliyomshangaza, kwamba mtu aliyelishindilia tonge lile angelala kando yake usiku huo na usiku wa kesho, na kwamba yeye ndiye atakayempikia.

"Mama." Lorraine alikuwa akiita kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa ameona kanzu zote zimeondoka. "Mama, wamemaliza. Si ni mimi sasa?"

Wavinya alitoka, akamfungua leso, akambeba. Mtoto alikuwa mzito, miguu imepishana migumu kama mkasi. Chini ya kidimbwi, mahali turubai lilipobonyea, kulikuwa kumebaki maji kidogo yaliyotuama. Akamlaza hapo chali, akapiga magoti, akaweka kiganja chini ya kisogo chake kama kawaida. Maji yalimfika masikioni, hayakupita.

Lorraine alifumba macho akangoja. Alingoja sana, kwa adabu, vile alivyofundishwa kungoja. Magoti hayakuachana.

"Mama," akasema mwishowe, "hii maji hainibebi."